Taa Ndani ya Seli: Namna Rangi Zing'aazo Zifungwavyo Katika Molekuli za Uhai

Katika maduka mengi ya miji yetu, kando ya sanduku la fedha, huwapo taa ndogo ya urujuani itumikayo kuchunguza noti za bandia. Msomaji awezaye kuazima taa ya namna hiyo anaweza kufanya jaribio jepesi. Na amimine maji ya toniki, yale machungu yauzwayo pamoja na soda, katika bilauri safi. Kisha azime taa za chumba na aielekeze taa ile kwenye bilauri, pasipo kuitazama yenyewe, maana mionzi yake hudhuru macho. Maji yale, ambayo mchana hayana rangi yoyote, yatang'aa buluu. King'aacho ni kwinini, dawa ile ile ya malaria itokayo katika magome ya mkwinini, mti uliopandwa zamani huko Amani katika milima ya Usambara na katika nyanda za juu za Kivu.

Ajabu hiyo ya kwinini ilielezwa na Mwingereza John Herschel mwaka 1845. Miaka saba baadaye, mwaka 1852, George Stokes wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliipitisha chupa nyembamba yenye maji ya kwinini katika upinde wa rangi uliotokana na mwanga wa jua. Katika nyekundu, njano na kijani hapakutokea neno. Lakini alipofika mwisho wa urujuani na kupita mbele zaidi, mahali ambapo jicho halioni ila giza, maji yaliwaka buluu. Stokes akatambua kwamba kwinini ilikuwa ikipokea mwanga usioonekana, yaani urujuanimno, na kuutoa tena ukiwa mwanga uonekanao. Tabia hiyo akaipa jina linalotokana na jiwe la fluoriti, ambalo nalo hung'aa vivyo hivyo. Katika makala haya tutaiita mng'aro.

Sababu ya mng'aro si ngumu kuelewa. Molekuli ya rangi inapopokea mwanga, elektroni zake hupanda daraja la juu la nishati. Huko hazikai. Sehemu ndogo ya nishati hiyo hupotea kwa kugeuka joto, kisha elektroni hushuka na kuitoa iliyobaki kwa namna ya mwanga. Kwa kuwa kilichotoka ni pungufu ya kilichoingia, mwanga utokao huwa na wimbi refu kuliko ule ulioingia: urujuanimno hutoka ukiwa buluu, na buluu hutoka ikiwa kijani. Mambo hayo yote humalizika katika sehemu chache za bilioni moja ya sekunde. Tofauti hiyo ya mawimbi ndiyo neema kwa mtumiaji wa hadubini, kwa sababu huweza kuweka kioo kizuiacho mwanga wa taa na kupitisha ule wa rangi peke yake. Nyota zipo mbinguni mchana kutwa lakini hazionekani mpaka jua liondoke; kwa kioo kile, mwangalizi huliondoa jua.

Rangi iliyotangulia kuleta manufaa makubwa katika jambo hili ni fluoresini, iliyotengenezwa na Adolf von Baeyer wa Ujerumani mwaka 1871. Hupokea mwanga wa buluu wenye wimbi la nanomita 490 hivi na kutoa kijani kikali cha nanomita 515 hivi. Mwaka 1877 rangi hiyo ilitumika kumaliza ubishi wa muda mrefu kuhusu mto Danube, ambao maji yake humezwa na ardhi mahali fulani kusini mwa Ujerumani. Watu walitia kilo 10 hivi za fluoresini katika shimo lile, na baada ya saa 60 hivi chemchemi ya Aach, iliyo umbali wa kilometa 12 hivi, ikabubujika maji ya kijani. Maji ya Danube, ambayo yangepaswa kwenda Bahari Nyeusi, kumbe sehemu yake huibiwa chini kwa chini na kupelekwa katika mto Rhine.

Swali walilojiuliza watu wa Danube ndilo lile lile ambalo wataalamu wa viumbe hujiuliza juu ya seli: kitu hiki kilichoingia hapa, kinatokea wapi? Sukari iliyoliwa imejengwa mahali gani? Dawa iliyomezwa imeshika nini? Lakini mto una maji tu. Seli moja ya mwili wa binadamu, ambayo makumi yake yaweza kupangwa katika milimita moja, imesongamana maelfu ya aina za protini, sukari, mafuta na asidi za nukleiki. Kumwaga rangi ndani yake hakutoshi. Rangi haina budi kufungwa katika molekuli moja iliyokusudiwa na kuziacha nyingine zote.

Tatizo la ukubwa

Jibu la kwanza lililofaa lilipatikana mwaka 1941, pale Mmarekani Albert Coons na wenzake walipofunga rangi ing'aayo katika kingamwili. Kingamwili ni protini ya damu ambayo kwa maumbile yake hutafuta kitu kimoja tu na kukishika. Ukiivika taa, itakwenda na taa yake mpaka kwa huyo imtafutaye. Njia hiyo ingali inatumika kila siku katika maabara za hospitali, nayo imeokoa watu wengi. Upungufu wake ni mwili wake: kingamwili ina uzito wa molekuli wa 150,000 hivi, ilhali fluoresini haifiki 400. Haiwezi kupita utando wa seli hai. Ili iingie ndani, sharti seli iuawe kwanza na kutobolewa.

Jibu la pili lilitoka baharini. Mwaka 1962 Mjapani Osamu Shimomura alieleza protini ya kijani king'aacho aliyoitoa katika kiwavi wa bahari wa pwani ya Marekani, yaani yule mnyama laini mfano wa mwavuli auchomaye mwili wa mwogeleaji. Mwaka 1994 Martin Chalfie alionyesha kwamba jeni ya protini hiyo yaweza kuhamishiwa katika viumbe wengine nao wakang'aa, na mwaka 2008 wawili hao pamoja na Roger Tsien walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Hapo taa iliweza kuwashwa ndani ya seli iliyo hai. Lakini taa hiyo nayo ni protini yenye uzito wa 27,000 hivi, na kuifunga katika protini ndogo ni sawa na kumfunga mbwa shingoni mtungi wa maji halafu kuchunguza mwendo wake. Tena, jeni huamuru protini tu. Hakuna jeni iwezayo kuipachika taa hiyo katika sukari, katika mafuta, wala katika kidonge cha dawa.

Msomaji aweza kuuliza: kwa nini wasichukue fluoresini yenyewe, iliyo ndogo, wakaifunga moja kwa moja? Katika chupa ya maabara yawezekana, na hufanyika. Ndani ya seli haiwezekani, kwa kuwa vikundi vya kikemia ambavyo rangi za kawaida hushikamana navyo vimo karibu katika kila protini. Rangi ikitiwa humo hushika chochote iliyokutana nacho kwanza, na seli nzima huwaka kama nyumba iungu'ayo. Isitoshe, hata rangi ndogo ni mzigo. Ukiifunga katika sukari, rangi ni kubwa kuliko sukari yenyewe, na seli huikataa kama mtu akataavyo ndizi iliyofungiwa tofali.

Basi wataalamu wakaligawa tendo hilo sehemu mbili. Kwanza, molekuli ile hupachikwa alama ndogo mno, isiyong'aa wala kuleta usumbufu, nayo huachwa iende zake katika seli kama kawaida. Baadaye rangi hutiwa, ikiwa imebeba kitu kimoja kiwezacho kuungana na alama ile na si kingine chochote. Alama ni tundu la kanzu, rangi ni kifungo. Ugumu wote ulikuwa katika kupata tundu na kifungo ambavyo havimo kabisa katika mwili wa kiumbe chochote, na ambavyo vitaungana majini, katika joto la mwili, tena upesi.

Mrututu na vitamini C

Alama iliyoleta mafanikio makubwa ni azidi, yaani atomi tatu za nitrojeni zilizojipanga mstari mmoja. Jina hilo huwatisha wanakemia, na si bila sababu: azidi ya sodiamu ni sumu kali, na azidi ya risasi hutumika kulipulia baruti. Lakini azidi iliyofungwa vizuri katika mkia wa sukari au protini ni pole ajabu. Maji hayaigusi, na vitu vingi vya seli huipita kama havikuiona. Mwenzake ni alkaini, ambayo ni atomi mbili za kaboni. Tukikumbuka kwamba kila kaboni ina mikono minne, basi katika alkaini kaboni mbili hushikana kwa mikono mitatu mitatu, na kila moja hubakiwa na mkono mmoja tu wa kushikia kitu kingine.

Kwamba azidi na alkaini huungana kuwa pete ya atomi tano, iitwayo triazoli, ni jambo lililojulikana tangu zamani. Rolf Huisgen wa Munich alilichunguza kwa kina katika miaka ya 1960. Ila muungano huo ulitaka joto kali na subira, na mazao yake yalikuwa mchanganyiko wa aina mbili. Mwaka 2001 Barry Sharpless wa Marekani, pamoja na Hartmuth Kolb na M. G. Finn, waliandika makala wakiwahimiza wanakemia waache kujisumbua na mimenyuko migumu na watafute michache iliyo ya hakika, isiyoacha taka, iendayo upande mmoja tu. Mimenyuko hiyo wakaiita ya kliki, kwa kuiga mlio wa kishikizo cha mkanda kinapobana. Sisi nasi tutaiita kemia ya kliki.

Mfano wake bora ulipatikana mwaka uliofuata, na mahali pawili kwa wakati mmoja. Huko Copenhagen, Morten Meldal alikuwa akishughulika na jaribio jingine kabisa, akitumia shaba kama kichocheo. Alipotazama chombo chake aliona kwamba alkaini haikuungana pale alipotarajia. Ilikuwa imeungana na azidi iliyokuwa upande wa pili wa molekuli. Sharpless na wenzake nao, pasipo kupatana na Meldal, waligundua jambo hilo hilo. Shaba inapokuwapo, mmenyuko wa Huisgen hauhitaji joto, huzaa aina moja tu badala ya mbili, na huenda upesi mara mamilioni kadhaa kuliko awali.

Dawa zitumikazo kuupata muungano huo zinaweza kumshangaza msomaji kwa udogo wa bei yake. Ya kwanza ni mrututu, yale mawe ya buluu ambayo wakulima wa kahawa wameyatumia miaka mingi kupigana na kuvu wa majani. Ya pili ni vitamini C. Shaba iliyo katika mrututu imepungukiwa elektroni mbili, na katika hali hiyo haifai kazi. Vitamini C huirudishia elektroni moja, nayo hapo hugeuka kuwa kichocheo. Kilicho ghali ni rangi yenyewe iliyoandaliwa azidi au alkaini, na juu ya hilo wakuu wa maabara zetu hawahitaji kuelezwa.

Tuchukue kazi moja tuone. Daktari wa saratani anataka kujua ni seli ngapi katika kipande cha nyama zinazojigawa. Seli iliyo karibu kujigawa hunakili DNA yake, na ili kunakili hukusanya matofali ya kujengea, mojawapo likiwa thaimidini. Kwa miaka mingi watafiti waliilisha seli tofali bandia lenye atomi ya bromini, kisha wakalitafuta kwa kingamwili. Kwa kuwa kingamwili ni kubwa mno kupenya kati ya nyuzi mbili za DNA zilizosokotana, iliwapasa kwanza kuzifumua nyuzi hizo kwa asidi kali. Asidi huharibu sura ya seli, huharibu protini ambazo mtafiti angependa kuzitazama pia, na mikono miwili tofauti huweza kupata majibu mawili tofauti. Mwaka 2008 Adrian Salic na Timothy Mitchison wa Chuo Kikuu cha Harvard walitengeneza thaimidini yenye alkaini mahali pa kikundi kimoja kidogo. Seli huipokea na kuijenga katika DNA mpya bila kushuku. Seli zikishakaushwa kwa dawa ya kuhifadhia na kutobolewa kidogo, hutiwa rangi yenye azidi pamoja na mrututu na vitamini C. Rangi, kwa udogo wake, hupenya mpaka ndani ya msokoto wenyewe. Baada ya nusu saa au pungufu viini vya seli zilizokuwa zikinakili huwaka, na vingine hubaki gizani. Asidi haihitajiwi tena.

Hata hivyo njia hiyo ina mpaka, na mpaka huo unatuhusu. Kimelea wa malaria hali tofali hilo. Hana kimeng'enya cha kuokota thaimidini iliyo tayari. Hujitengenezea ya kwake tangu mwanzo. Watafiti waliotaka kutazama namna anavyonakili DNA yake iliwabidi kwanza wampandikize jeni ya kimeng'enya hicho.

Pete iliyopindwa

Msomaji makini atakuwa ameona kwamba seli katika mfano wetu zilikuwa zimekwisha kufa. Haikuwa kwa hiari. Mkulima hunyunyiza mrututu kwa sababu shaba huua kuvu, na zamani dawa hiyo hiyo ilimwagwa mabwawani kuua konokono waenezao kichocho. Kiuacho kuvu na konokono hakiwezi kuwa chakula cha seli ya binadamu. Shaba ikikutana na vitamini C na hewa, huzaa oksijeni kali zinazochoma protini na DNA. Wanakemia wametengeneza molekuli za kuizunguka shaba na kuishika ili isitapakae, nazo hupunguza madhara, lakini katika mnyama mzima aliye hai shaba si mgeni wa kukaribishwa.

Aliyepata njia ya kuondokana nayo ni Carolyn Bertozzi, aliyekuwa wakati huo katika Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley. Yeye hakuwa akitafuta mimenyuko mizuri kwa ajili ya uzuri wake. Alitaka kuona sukari zilizo juu ya utando wa seli, sukari ambazo hubadilika seli inapogeuka kuwa ya saratani, na ambazo hakuna jeni wala protini ya kijani iwezayo kuzionyesha. Mwaka 2000 alionyesha, pamoja na mwanafunzi wake Eliana Saxon, kwamba seli zilizolishwa sukari yenye azidi huiweka azidi hiyo juu ya utando wao, na kwamba yaweza kushikwa pale. Kilichobaki ni kupata mwenzi wa azidi asiyehitaji shaba.

Alimpata katika maandishi ya zamani. Mwaka 1961 Wajerumani wawili, Georg Wittig na Adolf Krebs, waliandika kwamba alkaini iliyofungiwa ndani ya pete ya kaboni nane huungana na azidi kwa kishindo kama cha mlipuko. Sababu ni hii. Kaboni mbili za alkaini hupenda kukaa mstari ulionyooka pamoja na majirani zao. Katika pete ya nane hazina nafasi ya kunyooka. Hupindwa kwa nguvu, kama ufito uliokunjwa kuwa upinde. Upinde huwa na nguvu iliyotulia ndani yake, ikingoja kuachiliwa. Azidi inapokaribia, pete hupata nafuu kwa kuungana nayo, na nguvu ile ya mpindo hufanya kazi ambayo shaba ingeifanya. Mwaka 2004 Bertozzi na wenzake walitumia pete hiyo kuzitia alama seli hai, nazo zikaendelea kuishi.

Pete ya kwanza ilikuwa ya polepole. Mwaka 2007 waliiongezea atomi mbili za fluorini zinazovuta elektroni, na mwendo wake ukakaribia ule wa shaba. Mwaka 2008 wakalogesha mayai ya samaki mdogo mwenye milia, apendwaye na wataalamu kwa kuwa mwili wa mtoto wake ni angavu kama kioo, katika maji yenye sukari ya azidi. Kisha wakampa rangi moja, na saa chache baadaye rangi nyingine. Sukari za zamani ziling'aa rangi ya kwanza na sukari zilizojengwa karibuni ziling'aa ya pili, hata ikaonekana ni sehemu gani za mwili wa kiumbe yule zilizokuwa zikijenga kwa kasi, naye akiwa hai. Mwaka 2022 Bertozzi, Meldal na Sharpless walishirikiana Tuzo ya Nobel ya kemia. Kwa Sharpless ilikuwa ya pili.

Yafaa kusema neno juu ya rangi zenyewe, maana wengi hudhani kwamba kifungo kikishapatikana rangi yoyote itafaa. Si hivyo. Fluoresini, pamoja na sifa zake zote, huchakaa upesi chini ya taa kali ya hadubini, kama kitambaa kilichoachwa juani, na mng'aro wake hufifia katika sehemu za seli zenye asidi. Rodamini hustahimili zaidi. Rangi zilizotiwa chumvi nyingi huyeyuka vizuri majini lakini hukataliwa mlangoni na utando wa seli. Zile zipendazo mafuta huingia kwa urahisi, kisha hujibandika katika kila utando na kukataa kuoshwa. Mtafiti asiyejaribu rangi yake katika seli zisizopewa alama yoyote hana haki ya kuamini picha yake, hata ikiwa nzuri namna gani. Picha nyingi nzuri zimewadanganya watu.

Dawa ya tatizo hilo la kuosha ni ya werevu mkubwa. Wanakemia hutengeneza rangi iliyozimwa, isiyong'aa mpaka itakapoungana. Rangi moja ya jamii ya kumarini, iliyoelezwa mwaka 2004, hubeba azidi mahali ambapo elektroni zake huuzuia mng'aro. Azidi inapogeuka kuwa triazoli kizuizi huondoka na rangi huwaka buluu. Kwa namna nyingine, kikundi kiitwacho tetrazini, ambacho tangu mwaka 2008 kimetumika kuungana na pete iliyopindwa ya aina yake kwa kasi kubwa mno, chenyewe huzima rangi iliyofungwa nacho, na kikishaungana huiachilia iwake. Hapo taa isiyofika pake haiwaki, na hakuna la kuosha.

Malaria na kifua kikuu

Mambo haya yangeweza kuonekana kuwa ya nchi tajiri pekee, lakini sivyo. Artemisinini, iliyopatikana na Tu Youyou wa China mwaka 1972, ndiyo msingi wa dawa mseto imezwayo na mgonjwa wa malaria katika zahanati zetu. Kwa muda mrefu haikujulikana barabara inamuua kimelea kwa kushika nini. Mwaka 2015 watafiti wa Singapore waliipachika alkaini ndogo, wakawapa vimelea waliomo katika chembe nyekundu za damu, kisha wakatia rangi na kishikizo vyenye azidi ili kuona na kuvua kila protini iliyokuwa imeshikwa na dawa. Hawakuvua protini moja wala mbili: walivua 124. Artemisinini haina adui mmoja. Huharibu huku na huku. Kiiamshacho ni hemu, ile sehemu yenye chuma iliyo katika hemoglobini ambayo kimelea huila. Kadiri alavyo damu ndivyo ajilipuavyo. Watafiti wa Liverpool, kwa kutumia kemia hiyo hiyo ya kliki, walitoa taarifa zilizokubaliana na hizo mwaka 2016.

Habari hii si ya kufurahisha akili tu. Usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini, utokanao na mabadiliko katika jeni iitwayo K13, ulitangazwa Rwanda mwaka 2020, Uganda mwaka 2021, na baadaye katika mkoa wa Kagera nchini Tanzania. Mwaka huo wa 2020 ilionyeshwa pia kwamba vimelea wachanga wenye mabadiliko hayo hula hemoglobini kidogo. Tukiziweka habari hizo pamoja, tunaelewa ujanja wao: mlaji mdogo hupata hemu ndogo, na dawa iliyo mwilini mwake hubaki imelala. Dawa mseto ingali inaponya wagonjwa walio wengi, kwa kuwa ina mwenzi asiyehitaji hemu kwa namna hiyo, lakini vimelea hukawia kutoweka katika damu, na mzigo wote humwelemea yule mwenzi.

Kuhusu kifua kikuu, rangi ing'aayo tayari imo katika hospitali zetu nyingi. Ni oramini, inayopakwa juu ya makohozi ili bakteria wang'ae njano chini ya hadubini. Ila oramini huwapaka walio hai na waliokufa sawasawa. Mgonjwa aliyetumia dawa miezi miwili, na bado bakteria wanaonekana katika makohozi yake, je, dawa zimeshindwa, au hao ni maiti tu? Vipimo vya kisasa vya DNA navyo haviwezi kutofautisha vizuri, na kuotesha bakteria huchukua majuma kadhaa. Kwa muda huo daktari hukisia, na kukisia vibaya ni ama kumbadilishia mtu dawa zinazofaa kwa zile kali zaidi, ama kumwacha aendelee kuwaambukiza wa nyumbani kwake.

Bakteria wa kifua kikuu hujenga ngozi yake ya nta kwa kutumia sukari iitwayo trehalosi, ambayo mwili wa binadamu hauitengenezi. Mwaka 2012 maabara ya Bertozzi ilionyesha kwamba bakteria wa jamii hiyo hupokea trehalosi yenye azidi na kuijenga katika ngozi yao, na kwamba kwa kliki yaweza kuwashwa taa. Bakteria aliyekufa hajengi, kwa hiyo hawaki. Lakini njia ya hatua mbili, pamoja na kuosha kwake, ni ndefu kwa fundi wa zahanati mwenye sahani 40 za makohozi mezani. Mireille Kamariza, aliyezaliwa Burundi na kusomea shahada ya uzamivu katika maabara hiyo, alitafuta njia ya mkato: kwa kuwa trehalosi ilikwisha kuonyesha kwamba yaweza kubeba mzigo bila kukataliwa, aliipachika moja kwa moja rangi ambayo majini haing'ai, na ambayo huwaka kijani inapoingia katika mafuta. Rangi iliyobaki majini ni giza. Iliyojengwa katika ngozi ya bakteria hung'aa. Hakuna kuosha, hakuna shaba, hakuna pete. Mwaka 2018 yeye na wenzake walieleza kwamba katika makohozi ya wagonjwa wa Afrika Kusini rangi hiyo iliwaonyesha bakteria walio hai kwa muda wa saa moja hivi, na kwamba bakteria waliopewa dawa za kifua kikuu waling'aa kwa uhafifu zaidi. Hadubini iliyotumika ni ya aina ile ile ya mng'aro ambayo fundi wa makohozi huitumia kwa oramini.